Mkaja wa Bakari

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, wanangu, ingawa sijaelewa mpaka leo kwa nini mtu aliyestaafu ndiye apewe saa. Nimeitundika sebuleni hapa Usagara, inagonga, nami nakunywa chai yangu bila kuitazama. Lakini mliniomba pia niandike mambo ya chumba chetu cha upasuaji wa mifupa, yale ambayo hayamo kwenye mafunzo. Hilo nitalifanya. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara nyote mnaijua.

Nilifika Tanga nikiwa muuguzi mpya, Mshambaa wa milimani, nimevaa sweta. Sweta, Tanga! Mtu wa kwanza kuniona mlangoni alikuwa Mzee Hoza, fundi wa plasta, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi mwenye mikono myeupe hadi kwenye viwiko kama mwokaji mikate. Akanitazama juu chini.

"Mwanangu, huku baridi iko kwenye friji ya damu tu," akasema. "Vua hiyo kitu, uje utandaze bandeji."

Siku hizo plasta haikuja tayari ndani ya pakiti kama mnavyoipata ninyi. Tulitandaza bandeji mezani, tukaipaka unga wa plasta kwa kiganja, tukaiviringa na kuiweka kwenye kopo lenye mfuniko. Hewa ya baharini ikiingia humo, kesho unakuta mawe. Asubuhi yangu ya kwanza nilitandaza bandeji mpaka nikapiga chafya nyeupe.

Somo lililofuata lilikuwa maji. Maji yakiwa ya moto mno, plasta hukaza kabla hujaunyoosha mguu, tena humchoma mgonjwa. Yakiwa ya baridi mno, utaushikilia mguu wa watu mpaka uote mizizi. Mzee Hoza alinifundisha kupima kwa kiwiko. "Kiganja cha muuguzi kimezoea shida, kinadanganya," alisema. "Kiwiko hakijazoea kitu." Na kabla ya kumfunga mgonjwa hogo lake, lile gamba la plasta, alimwambia kila mara, hata awe mtoto, hata awe mkuu wa polisi: "Sasa litapata joto. Usiogope, linaiva." Wengi wetu tunasahau kusema hilo, halafu tunashangaa mgonjwa anaporuka.

Alikuwa na neno jingine, alilolitoa daktari akianza kulalamika kwamba mguu fulani umechelewa kuunga. "Mfupa hauna haraka, daktari. Haraka unayo wewe." Alilisema kwa upole kiasi kwamba daktari mwenyewe alicheka.

Nilipata mtoto wangu wa kwanza, Elia, wakati tunapanga chumba cha uani kule Makorora. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Mama yangu alikuwa aje kunilea uzazi, lakini mvua zilikata barabara ya milimani akabaki huko. Basi niko kitandani na mtoto, silijui hili wala lile, muuguzi mzima, nalia. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia jirani yetu Bi Mwanaidi, mkunga wa mtaa ule, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, na sufuria ya maji yanayofuka moshi.

"Hulii peke yako, mie nipo," akasema. "Geuka."

Alinikanda. Anayejua kukandwa uzazi anajua, na asiyejua nimwambie tu kwamba nilipiga kelele kuliko siku ya kujifungua. Taulo linachovywa kwenye maji ya moto, linakamuliwa, linakandamizwa tumboni, mgongoni, mapajani, mpaka damu iliyolala iamke. Kabla ya kuanza alipima maji kwa kiwiko, nami nikamkumbuka Mzee Hoza nikacheka katikati ya machozi. Kisha akanifunga mkaja, kitambaa kirefu cheupe, akanizungushia tumboni mara nyingi, akivuta huku amekaza goti. Akaniwekea uji wa pilipili manga. Akanipa amri zake: nisikanyage sakafu ya baridi, nisiende kisimani, nisitoke mpaka arobaini.

Alikuja kila siku. Mara moja, akiwa ananikanda miguu, nikamwuliza, "Na wewe Bi Mwanaidi, nani alikukanda?"

"Nani anikande, na sikuzaa?" akajibu, akachovya taulo tena. Alisema kama mtu anayetaja bei ya dagaa. Nikaona haya.

Kisha tulihama, maisha yakatupeleka huku na huko, nikabaki kumwona sokoni mara moja moja.

Sasa nije kwenye kazi. Mengi niliyoyaona kazini mmeyaona nanyi: nazi iliyomwangukia mtu begani, bodaboda mbili zilizogombea kona moja, mzee aliyeteleza bafuni akaenda kuchuliwa. Mifupa mingi hupona. Ukiuweka sawa na kuutuliza, mfupa unajiunga wenyewe, nasi tunapokea shukrani ambazo si zetu. Lakini iko mifupa inayokataa. Kipande kimepotea ajalini, au kidonda kimeoza, damu haifiki, na ncha mbili zinakaa zimetazamana kama ndugu waliogombea shamba. Unatibu, unasafisha, unaweka vyuma, mwaka unapita, pengo liko palepale. Mwisho wake tunaujua. Mimi ndiye niliyekuwa napokea mguu mezani ukishakatwa, na niwaambie, mguu ni mzito kuliko unavyodhani. Ndugu wanakuja na sanda, wanauchukua kwenda kuuzika, na mwenyewe anabaki wodini akiuliza wameuzika wapi. Sikuwahi kuzoea. Anayesema utazoea, muulizeni anakunywa nini.

Katika miaka yangu ya mwisho alikuja Daktari Lukindo, mnamfahamu, binti mwembamba wa sauti ndogo, amerudi kutoka masomoni na kibali cha utafiti. Alituita wote, hadi wafagizi, akatueleza. Ndani ya mafuta ya mwili, alisema, katikati ya mafuta yenyewe, zimo seli chache ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaitwa seli shina. Mafuta yakinyonywa tumboni mwa mgonjwa, yakasafishwa, yakazungushwa kwenye mashine, seli hizo zinaweza kutengwa. Zikiwekwa kwenye pengo la mfupa pamoja na chembechembe za madini za kushikilia, huenda zikajenga mfupa, na zikaziita nyingine zije kusaidia.

"Kama vijana waliomaliza shule," nikasema. "Ukiwapeleka kiwandani watakuwa mafundi."

"Ndiyo, Sista Naomi."

"Na wakikataa kazi?"

"Wanaweza kukataa," akasema. "Ndiyo maana tunaita utafiti."

Nilimpenda kuanzia hapo. Madaktari waliowahi kuniambia 'sijui' wanaenea kwenye kiti kimoja.

Shida ilikuwa kupata wa kukubali. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba hospitali inataka kumnyonya mafuta, hasikii seli wala shina, anasikia mumiani, wale wanyonya damu. Bibi yake alimtisha kwa mumiani kabla hajajua kutembea. Mgonjwa wetu wa kwanza alisikiliza maelezo yote kwa adabu, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, na mpaka leo hajarudi, tena mtu wa magongo! Wa pili alikubali. Tulifanya kila kitu kama ilivyoandikwa na mfupa wake haukuunga. Mguu ukakatwa hatimaye. Nalisema hili mapema ili msije mkafikiri nawauzia dawa ya mnadani.

Wa tatu alikuwa Bakari.

Bakari alikuwa mpakiaji wa machungwa Muheza. Alianguka kutoka juu ya lori lililojaa, mguu wa kulia ukabanwa na tairi, mfupa wa muundi ukavunjika na kipande kikapotea. Alipofika kwetu alikuwa ameshapita mikononi mwa wengi. Usaha ulikuwa umemzoea. Tulimsafisha mara nyingi, tukamwekea vyuma vya nje, vile vinavyotokeza kama jukwaa la mafundi. Kilichotushinda ni yeye. Mara mbili mfupa ulionyesha dalili ya kutaka kushikana, na mara mbili akaukanyagia. Mara ya kwanza alikwenda kutazama mpira. Mara ya pili alitaka kujua kama mguu umepona, na njia aliyoijua ya kuupima ilikuwa kuusimamia.

Siku Daktari Lukindo alipokwenda kitandani kwake kumweleza kuwa yamebaki mawili, kukata au kuingia kwenye utafiti, nilikuwepo. Bakari hakungoja amalize.

"Kateni, daktari. Nimechoka kunuka."

"Nani akate?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Nikageuka. Amezeeka, amezidi kunenepa, kanga zilezile, mwendo uleule. Bi Mwanaidi alikuwa shangazi yake. Mama yake Bakari alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Bi Mwanaidi akamchukua kwa kaka yake akamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi. Wakati Elia wangu anatambaa uani, Bakari alikuwa ndio kwanza anakuja. Sikuwa nimemtambua, na kwa nini nimtambue? Alikuwa na ndevu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, Mama Elia. Hujambo mwanangu? Mwambie daktari wako, mguu huu nauosha mie toka una urefu wa kiganja. Mie siwezi kwenda kununua sanda ya mguu wa mtu aliye hai."

Daktari akamweleza yote upya, taratibu. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Basi chukueni kwangu. Mtoto hana kitu, mtazameni, mbavu tupu. Mie ninayo ya kujengea mifupa ya mtaa mzima."

Wodi ilicheka. Yeye hakucheka.

"Haiwezekani, bibi," daktari akasema. "Tunaruhusiwa kutumia mafuta ya mgonjwa mwenyewe tu. Ya mtu mwingine ni ya mtu mwingine."

"Ya mtu mwingine?" akauliza. "Mie ni mtu mwingine?"

Niliuona uso wake, na niliujua, kwa sababu niliwahi kumwuliza swali la kijinga yeye akiwa ananikanda. Kwenye kazi yetu tunasema maneno ya kweli kabisa yanayomkata mtu vibaya kuliko kisu.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa maabara. Alimbonyeza Bakari tumboni akatikisa kichwa. Mafuta hayatoshi, akasema, mtu huyu amekonda mno kwa ugonjwa. Kidonda chake nacho bado hakijakauka. Angoje kidogo, ale.

"Ale," Bi Mwanaidi akarudia. Akakaza kanga kiunoni. "Basi hiyo kazi niachieni."

Wanangu, nimewahi kuona watu wakilishwa, lakini si vile. Asubuhi alikuja na uji wa nazi, mchana wali na mchuzi wa pweza, jioni vitumbua, ndizi za kukaanga, maziwa mgando. Bakari akisema ameshiba anaambiwa shibe ni ya tumbo, hii ni ya mguu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinenepa kwa masalia. Kidonda kikakauka. Mtaalamu akaja kumbonyeza tena, akatabasamu. Na mimi nikamwambia Bi Mwanaidi ukumbini, kwa sababu lilikuwa linanikaa moyoni, "Mafuta haya, Bi Mwanaidi, yote yametoka jikoni kwako."

"Najua," akasema. "Wao ndio hawajui."

Siku ya upasuaji ilikwenda vizuri, ukiacha umeme uliokatika wakati mashine inazunguka, nasi tukasimama wote mikono juu kama watu waliotekwa mpaka jenereta lilipowaka. Mafuta yalitoka yakiwa na rangi ya chungwa lililoiva. Nesi mmoja akasema mtu wa Muheza hajifichi. Yalioshwa, yakatiwa dawa ya kuyalegeza, yakazungushwa, na kutoka chupa nzima kikabaki kitone chini kwenye neli ya maabara, kidogo kama tone la mshumaa. Nilikitazama nikawaza vile vitumbua vyote. Daktari alikwangua ncha za mfupa mpaka zikatoa damu, maana mfupa usiotoa damu ni kuni. Akachanganya kile kitone na chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe, akajaza pengo, akafunga.

Ikabaki kumfunga tumbo. Sehemu iliyonyonywa mafuta lazima ibanwe isivimbe, na mkanda tulioletewa na wafadhili ulikuwa wa kumtosha mfadhili mwenyewe. Nikatoka nje kutafuta kitambaa. Bi Mwanaidi alikuwa ukumbini na furushi lake.

"Ameshafungwa tumbo?" akauliza.

"Bado."

Akafungua furushi, akatoa mkaja. Ulikuwa mweupe, umefuliwa, umepigwa pasi. Nikaupeleka kwenye mtungi wa mvuke ukachemshwa na vifaa vingine, na ndivyo Bakari alivyotoka chumba cha upasuaji: vyuma mguuni na mkaja tumboni. Wodi ililipuka kwa kicheko. "Mzazi kajifungua salama? Kapata nini?" Bakari, mtu wa kubeba viroba vya machungwa, akajifunika shuka usoni.

Sasa sikieni kilichotaka kutuangamiza. Asubuhi iliyofuata naingia zamu, naona pazia limevutwa kwenye kitanda chake na mvuke unatoka juu yake. Nilijua kabla ya kufika. Nilivuta pazia, nikamkuta Bi Mwanaidi amekunja mikono ya gauni, ndoo ya maji ya moto chini, mkaja umefunguliwa, na taulo liko hewani linadondosha. Bakari amefumba macho, anangoja, kama mtu aliyekubali yaishe. Nikaudaka mkono.

"Hapana, Bi Mwanaidi."

"Hapana nini? Maji yako sawa. Nimepima kwa kiwiko."

Nilikwama. Ndani ya tumbo lile kulikuwa na jeraha bichi, ngozi imekufa ganzi, maji yale yangemchubua asijue, kidonda kioze, na uozo ukishaingia kwenye damu hauchagui, utafika mguuni. Hayo yote niliyajua. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa mtu aliyeniamsha damu yangu mwenyewe. Ningemwambia hospitali hairuhusu? Aliniona nikiwa nalia uchi wa mnyama, angenisikilizaje?

Nikamwuliza, "Mzazi aliyezaa kwa kisu, unamkanda lini?"

Taulo likashuka. "Aliyepasuliwa hakandwi mpaka kidonda kifunge," akasema. "Ukimkanda unamwua."

"Bakari amepasuliwa pawili."

Akamtazama mtoto wake. Nikaona ameogopa. "Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Mie nilidhani wamefyonza tu."

"Hujamgusa. Funga mkaja, huo ni sehemu ya matibabu."

Akaufunga, akavuta taratibu. Kisha akauliza, "Na mguu?"

Nasema kweli sikufikiri, neno lilikuja lenyewe. "Mguu ndio mwana."

"Aaa." Akautazama mguu, vyuma na bandeji, muda mrefu. "Basi hatolewi. Wala hakanyagishwi. Mpaka arobaini."

Daktari Lukindo alikuwa nyuma yangu, amefika kwa ajili ya mzunguko wa asubuhi. Nilitegemea atatufokea kwa ile ndoo. Akainama mbele ya Bi Mwanaidi, na kwa ile sauti yake ndogo akasema, "Shikamoo bibi. Mwana huyu ni njiti. Arobaini haitamtosha."

"Marahaba. Njiti?"

"Njiti. Kazaliwa kabla ya siku zake."

"Njiti nimelea wengi," akasema Bi Mwanaidi, na maji ya ndoo akayatumia kuoshea vyombo vya wodi nzima.

Miaka yote nilikuwa nawaambia wagonjwa 'usikanyagie', wanaitikia ndiyo, wanakanyagia. Bi Mwanaidi hakuhitaji kusema. Bakari aliporuhusiwa kutoka wodini, alimchukua hadi Makorora, akamlaza kitanda cha ndani, akakaa mlangoni na ungo wake anachagua mchele. Rafiki zake walipokuja kumchukua waende mpirani waliambiwa mzazi hatoki. Mmoja, kwa utani, alileta sabuni ya mtoto mchanga. Bakari aliitupa ukutani. Baadaye, nilipokwenda kumtazama, niliikuta imeisha nusu.

Picha ya kwanza ya mguu haikuonyesha kitu. Pengo jeusi, kama zamani. Daktari aliitazama akasema tungoje. Bi Mwanaidi hakuuliza, alisoma nyuso zetu akatoka nje kwenda kununua maji. Ndipo Bakari akanishika mkono.

"Sista, niambie ukweli. Kama hakuna kitu nikatwe tu. Shangazi amechoka. Halali kwa ajili yangu. Anaamka kuangalia kama nimeteremsha mguu." Akaanza kulia, ndevu zote zile. "Mie si mtoto wake wa kumzaa, Sista. Kwa nini afe kwa ajili yangu?"

Sikuwa na dawa ya hilo. Nilimwambia maneno ya Mzee Hoza, kwamba mfupa hauna haraka, nikakaa naye mpaka alipofuta uso. Wakati mwingine kazi yetu ni hiyo tu, na hakuna mtihani wake.

Picha iliyofuata ilikuwa na ukungu. Mtu asiyejua angesema ni uchafu wa kioo. Daktari Lukindo aliifuta kwa kidole, haukufutika. Akaifuta tena. Kisha akanitazama, macho yamejaa, akasema, "Sista Naomi, hebu tazama wewe, mimi sijiamini." Nikatazama. Ulikuwa mfupa. Mchanga, dhaifu, lakini mfupa, umeanza kutoka ncha hii kuitafuta ile. Kila picha iliyofuata ukungu ulizidi kuwa mzito, mpaka siku vyuma vilipotolewa.

Niwe mkweli, kwa sababu mtaulizwa. Je, zilikuwa seli peke yake? Daktari Lukindo mwenyewe hasemi hivyo. Labda seli, labda kukwanguliwa, labda vyakula, labda yule mwanamke mlangoni na ungo wake. Mgonjwa mmoja si ushahidi, na yule wa pili naye tusimsahau, yupo Muheza ana mguu mmoja na anauza machungwa. Utafiti unaendelea, nanyi ndio mtakaoumaliza. Mimi nasema nilichokiona.

Siku ya kukanyaga kwa mara ya kwanza Bakari alisimama katikati ya zile fimbo mbili za mazoezi, jasho linamtiririka. Daktari akahesabu. Bi Mwanaidi akasema, "Ngoja." Akajitanda kanga moja, ile ya pili akaikunja akaitandika sakafuni mbele ya mguu. "Sakafu ya baridi," akatueleza, kama kwamba ni sisi tusiojua kitu. Bakari akauteremsha unyayo, akaikanyaga ile kanga, akaongeza uzito, akaongeza, akasimama. Kigelegele alichopiga Bi Mwanaidi kilimleta mlinzi mbio kutoka getini.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Wiki iliyopita, nikiwa nimechoka kutazamana na saa yenu, nikasema nikamtembelee. Nilichukua mfuko wa machungwa nikaenda Makorora. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, sufuria inachemka, na mwanamume amechuchumaa anapepea moto. Amechuchumaa, wanangu, miguu yote miwili imekunjwa sawasawa. Ni Bakari. Aliniamkia, akachovya kiwiko ndani ya ndoo, akaongeza maji ya baridi kidogo, akapima tena.

"Maji hayo ya nani?" nikauliza.

"Ya shangazi. Magoti yanamsumbua. Namkanda kila asubuhi." Kisha akainama karibu, akiwa na haya. "Kasema na yeye akae arobaini. Sasa nani atamkatalia?"

Nikaingia. Bi Mwanaidi alikuwa kitandani, ameegemea mito, kanga mpya, kikombe cha uji wa pilipili manga mkononi, na tumboni, juu ya gauni, amefungwa ule mkaja.

"Mama Elia," akasema, ananitazama kwa hasira za uongo. "Umechelewa kuja kunitazama. Nakaribia kutoka."

Nyuma yangu Bakari aliingia na ndoo, akapiga magoti, akamshika mguu akauweka pajani pake. Nikatazama mfuko wangu wa machungwa. Nikauacha mezani, nikawaaga kwa muda, nikaenda sokoni kununua kuku, kwa sababu mzazi haendewi na machungwa matupu.